Dogo, usilipe ada ya urubani kwa mkupuo. Nililipa mimi

Kesho usiende benki.

Umeuliza mengi: Nairobi au Afrika Kusini, miwani yako, miaka mingapi mpaka ukae kwenye ATR, zile ndege za abiria za pangaboi. La miaka nitaligusa hapa chini, mengine tutayafikia siku nyingine. Ila pale ulipoandika kwamba chuo kinakupa punguzo la asilimia 15 ukilipa yote kabla ya Ijumaa, na mzee ameshapata mteja wa kiwanja, chai imenipalia.

Kwetu kiliuzwa cha Kibada. Mzee alikinunua enzi za pantoni, akakiuza daraja la Kigamboni limeshafunguliwa, akaona amepiga bao. Mama akaongezea kiinua mgongo chake cha ualimu. Jumla dola 38,000, Januari 2019, dola ikicheza kwenye 2,300, yaani kama milioni 87 za madafu. Zote zikaondoka asubuhi moja kwenye dirisha la benki pale Posta. Nililipa mara moja kwa sababu na mimi niliahidiwa punguzo. Langu lilikuwa asilimia 10. Wewe wamekupandishia, hongera.

Aliyeniingiza mkenge alikuwa wakala wa chuo, ana ofisi ya kukodi Kinondoni, ukutani picha ya ndege, mabegani mistari minne ya kapteni. Nikaja kujua baadaye kwamba huyo bwana hajawahi kurusha hata tiara. Alikuwa analipwa kwa kichwa: kila mwanafunzi akilipa ada nzima, naye anakata chake. Aliyelipa kidogo kidogo hakumpa kitu cha maana, ndiyo maana kila siku anapiga simu, "mdogo wangu, viti vinaisha". Viti gani? Cessna 172 ina viti vinne na mwanafunzi anakalia kimoja. Mpaka leo nikimkumbuka natamani nimpigie simu nimwambie viti bado vipo.

Nimefika chuoni, kule nje ya nchi, tovuti ilionesha ndege tisa. Nikazikuta tisa kweli, hawakudanganya. Zinazoruka mbili. Moja haina injini kabisa, pua imefunikwa turubai, ndege wa kweli wamejenga kiota ndani. Wanafunzi tulikuwa zaidi ya arobaini, kutoka Kongo, Botswana, India, Bongo tulikuwa watatu. Sasa piga hesabu mwenyewe: ndege mbili, hali ya hewa, matengenezo ya kila saa 100, wanafunzi arobaini. Zamu yangu ilikuwa inakuja kila baada ya siku kumi, kumi na mbili.

Na hapa ndipo watu wasioruka hawaelewi. Ukikaa siku 12 chini, mkono unasahau. Somo la kutua ulilokuwa umelishika Jumanne ya wiki ile, leo unaigonga ndege kwenye lami kama gunia la mkaa. Mkufunzi anasema turudie. Saa ya kurudia inakatwa kwenye hela yako ile ile. Halafu mkufunzi mwenyewe anapata kazi kwenye shirika, anaondoka, mpya anataka akuone upya kuanzia mwanzo. Hela inakwenda, wewe huendi. Ukilalamika ofisini unaambiwa uwe mvumilivu, kwa sauti ya mtu ambaye hela yako ameshaila.

Maana ilikuwa imeliwa siku nyingi. Ada yangu haikuwekwa popote ikinisubiri mimi. Ililipia mafuta ya waliotangulia, mshahara wa mwezi ule, na deni la karakana. Mimi nilikuwa narushwa kwa ada ya watakaokuja baada yangu. Upatu tu, tofauti huu una mabawa. Ndiyo maana wanatoa punguzo: umewakopesha bila dhamana, na wanakuita mteja maalumu. Chuo chenye fedha zake hakina shida na ada yako ya mwaka kesho kutwa.

Mwezi wa kumi na moja tukakuta geti lina kufuli na karatasi ya mfilisi. Nilikuwa na saa 61 za kuruka. Gawanya dola 38,000 kwa 61: kila saa imenigharimu kama dola 620. Kwa bei hiyo ningekodi ndege yenye mhudumu na soda ya baridi. Barua ya mfilisi ilitupa cheo kizuri, wadai wasio na dhamana, maana yake tunasimama mwisho wa foleni, nyuma ya benki na wafanyakazi, na foleni ikafika kwetu sufuria ikiwa imeshaoshwa. Sikurudishiwa hata senti. Viza ya mwanafunzi nayo ilifungwa na chuo, kwa hiyo hata kubaki nipambane sikuweza.

Nikarudi Dar Desemba 2019. Mzee hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Miezi mitatu mbele korona ikapaki ndege za dunia nzima, nikajifariji kwamba angalau sasa tupo wengi tusioruka.

Baadaye nikapata kibarua uwanja wa ndege, jengo la kwanza kule zinakopaki Caravan, ndege ndogo za abiria za injini moja. Kazi yangu kuweka mizigo na abiria kwenye mzani. Mtu aliyesomea urubani kwa milioni 87 anamwambia mama wa Mafia, shikamoo mama, naomba upande hapa na kikapu chako. Pale ndipo nilipofundishwa na kapteni mmoja, mtu mzima, hana maneno mengi, kanuni ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika yote haya:

Usitangulize fedha ya zaidi ya saa kumi. Saa kumi za kuruka, sio saa kumi jioni.

Unalipa kumi, unaruka kumi. Zikibaki mbili unainua macho: ndege ni zile zile? Wakufunzi wapo? Avgas, mafuta ya ndege ndogo, ipo, au tunaambiwa lori liko njiani wiki ya pili? Kama kuko sawa, unalipa kumi nyingine. Mwaka 2021 nilianza hivyo Nairobi, kwa mshahara wa mzani na mkopo wa shemeji. Chuo cha kwanza nilichojaribu, nikiwa nimebakiza saa nne nilizolipia, naona ndege tatu zimepaki wiki nzima na mapokezi amebadilika. Nikahama siku ile ile. Niliacha saa nne pale, inauma, lakini haikuuza kiwanja cha mtu. Cha pili nikamaliza nacho, 2023.

Watakwambia utaratibu wa saa kumi haupo. Upo. Wakikataa kabisa, tayari wameshakujibu. Na usiulize ofisini chuo kikoje. Panda basi, kaa kwenye uzio siku mbili na maji yako, hesabu ndege zinazopaa na namba zake za mkiani. Halafu tafuta wanafunzi wanakokula, uliza mmoja tu: wiki iliyopita umeruka mara ngapi? Akicheka kwanza kabla ya kujibu, rudi stendi.

Jingine, logibuku yako, daftari la saa ulizoruka, isainiwe siku ile ile uliyoruka. Zile saa zangu 61 zilihesabiwa kwa sababu kila mstari ulikuwa na saini. Jamaa yangu wa Tabata alikuwa anasubiri kusainiwa mwisho wa mwezi. Mkufunzi kahamia shirika, chuo kimefungwa, kurasa tupu. Alianza moja.

Kuhusu muda: CPL, leseni ya biashara, inataka saa 200, au 150 kama ni kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja. Ukapate na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje, na cha injini mbili, ukirudi na leseni ya nje unapita TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kubadilisha. Hapo unaruhusiwa kisheria kukaa kulia, kama rubani msaidizi, kwenye ATR au Dash 8 ukishasomeshwa ndege yenyewe. Kisheria. Kiuhalisia wengi wetu tunaanzia kwenye Caravan, Zanzibar, Mafia, mbugani, tunakusanya saa. Ukitaka kukaa kushoto kama kapteni wa ndege kubwa inadaiwa ATPL, leseni ya juu ya urubani wa mashirika, na hiyo ni saa 1,500. Mimi nina mia tisa na kitu. Kwa hiyo anayekwambia miaka miwili uko kwenye ATR, mwangalie mabegani ana mistari mingapi, kisha muulize aliipata wapi.

Na hiyo miaka nisiyoifikia ATR, miwili na zaidi niliitumia kupima vikapu.

Sasa fanya hivi. Mwambie mzee amwombe mteja wa kiwanja asubiri wiki mbili, akiwa mteja kweli atasubiri. Kisha piga picha ukurasa wa mkataba unaosema hela ya saa usizoruka inarudishwa lini na kwenye akaunti gani, ziba jina la chuo na lako, uweke hapa. Langu lilikuwa kifungu cha 14, maandishi madogo, na kilisema "haitarejeshwa kwa hali yoyote". Nilikisaini nikiwa natabasamu, picha ninayo.