Faini ya dola 250 ilikuwa ya nini?

Ndugu, kuna jamaa wa Wyoming, jimbo la Marekani, aliyepigwa faini ya dola 250 kwa kisa cha mbwa mwitu cha Februari 2024; faini hiyo haikuwa ya kumgonga mnyama huyo. Alimgonga na pikipiki ya theluji, akamfunga mdomo kwa utepe, akaingia naye baa. Kosa aliloandikiwa wakati huo ni kukaa na mnyama wa porini akiwa hai, basi! (Mashtaka ya ukatili kwa wanyama yalikuja baadaye, Agosti 2025.)

Sababu ni kwamba kwenye takriban asilimia 85 ya jimbo lile mbwa mwitu wako kundi la "wanyama wala nyama waharibifu": unaua siku yoyote, bila kibali, na hata kumuua kwa kumgonga na gari au pikipiki ya theluji si kosa. Baada ya kelele za dunia nzima, mwaka 2025 wakabadilisha sheria kidogo: ukishamjeruhi kwa makusudi, ummalize haraka. Kumkimbiza na kumgonga bado ruksa. Mimi naona hapo wamepaka rangi tu.

Linganisha na Uingereza: sheria yao ya 1996 inataja waziwazi kumponda mnyama wa porini kwa nia ya kumtesa, adhabu hadi miezi sita jela. Ila inalinda mamalia peke yao, wanyama wengine kama chura hawamo.