Umealikwa Magadi na Kundi la Pikipiki? Uliza Kwanza Nani Atakuwa Mkia

Wiki jana kijana mmoja wa Umoja aliniandikia: "Dada, nimealikwa kwenda Magadi Jumapili na kundi la pikipiki. Yangu ni 150cc, wao wana zile kubwa. Nivae nini, na je, nitawaweza?"

Mavazi nitayafikia. Hilo la kuwaweza ndilo lililonikereketa, maana hata mimi niliwahi kuliuliza, na jibu nililopewa ni moshi wa ekzosi.

Tulikutana kituo cha mafuta cha Barabara ya Lang'ata, jua halijachomoza. Wenzangu walikuwa na jaketi za ngozi na helmeti za bei ya pikipiki yangu nzima. Nikasalimia, nikaitikiwa nusu nusu. Hakuna aliyetaja ishara za mikono, wala mpangilio, wala nani akae wapi. Kiongozi alisema tu, "Tukutane Olepolos," pale pa nyama choma kando ya barabara ya Magadi, akapiga stata. Rongai tulikuwa bado pamoja kwa sababu matatu na matuta hayambagui mtu. Kupita Kiserian nikaona taa zao nyekundu zikipungua moja baada ya nyingine, halafu barabara ikawa yangu peke yangu.

Olepolos nilikuta wameshaondoka. Nikashuka bonde nikiwafuata, na huko chini gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Msumari. Nikaegesha kando ya mgunga mmoja usiokuwa na kivuli cha maana. Simu haikuwa na mtandao. Mvulana mchunga mbuzi alikuja akachuchumaa, akautazama ule msumari, akautazama uso wangu, akanicheka kwa adabu. Aliyeniokoa ni dereva wa lori: alisimama bila kupungiwa mkono, wakapakia pikipiki yeye na turiboi wake, wakanishusha Kiserian, na pesa akakataa. Mungu ambariki popote alipo.

Jioni simu iliposhika mtandao niliona picha za mbavu za mbuzi na vidole gumba juu. Chini kabisa mtu ameuliza, "Yule wa nduthi alifika?" Hakujibiwa. Hadi leo hakujibiwa.

Basi kijana wangu, swali si kama utawaweza. Swali ni kama wao wanajua kuendesha kundini. Kabla hamjaondoka uliza: mkia ni nani? Mkia ni yule anayekaa nyuma ya wote, mwenye uzoefu, mwenye pampu na vifaa vya pancha, ambaye hampiti mtu hata mbele kukiwa na harusi. Siku hizi ninapanda na watu wengine na mkia ni mimi, kwa hiari yangu, na ninajivuna nao. Kwetu hajawahi kuachwa mtu. Mwenye pikipiki ndogo au mgeni tunamweka wa pili, nyuma tu ya kiongozi, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wetu.

Kila mmoja anamchunga wa nyuma yake kwenye kioo. Humwoni? Punguza. Bado humwoni? Simama mahali salama, nje ya lami. Kwenye njia panda usikate kona mpaka wa nyuma yako akuone unakokatia. Tukifanya hivyo, habari ya mtu kupata pancha inafika mbele yenyewe bila simu.

Barabara ikiwa imenyooka, pangeni mshazari: kiongozi karibu na mstari wa katikati, wa pili upande wa kushoto, wa tatu kwenye mstari wa kiongozi. Kati yako na aliye mbele yako kwenye mstari wako mwenyewe, acha sekunde mbili. Kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni karibu mita 44, si mita tano kama ninavyowaona watu wakifanya Southern Bypass. Kwenye kona kama zile za kushuka kutoka Kona Baridi, kule juu baada ya Kiserian, kila mtu afuate mstari mmoja. Na mwenzako akilipita lori, ile nafasi aliiona yeye, kwa macho yake. Wewe subiri ya kwako.

Sasa mavazi. Nairobi iko juu, kama mita 1,700. Magadi ni karibu mita 600. Maana yake Kona Baridi utatetemeka kwa upepo na saa moja baadaye utatokwa jasho hadi kwenye soksi. Vaa tabaka tabaka. Kwenye joto hilo ndipo watu wanapovua jaketi wakabaki na fulana, na wakianguka hapo ndipo lami inapowachuna ngozi. Usivue. Fungua zipu, lowesha fulana ya ndani maji, endelea. Glavu, buti zinazofunika kifundo, helmeti iliyofungwa kidevuni (si ile ya kuning'iniza mkononi kwa ajili ya askari). Jaketi ya kuakisi mwanga ni sheria, kwako na kwa abiria wako, hata hao wa pikipiki kubwa wakiiona ya boda. Maji unywe kabla ya kiu. Mtu aliyekauka huona kichwa kinamuuma na bado anajidai yuko sawa.

Mafuta yasikutie wasiwasi. 150cc hunywa kidogo sana, na kutoka mjini hadi Magadi ni kama kilomita 110 tu. Jaza Kiserian, basi. Wanaokwama huko ni wenye injini kubwa waliodharau kujaza.

Magadi ondokeni kabla ya saa tisa. Huku kwetu jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ng'ombe na mbuzi hurudi bomani saa hiyo hiyo, wakikatiza lami bila kutazama kushoto wala kulia. Wenzako wakitaka kuagiza kilo nyingine ya nyama, watakie heri, tafuta mmoja anayerudi mapema, mpande pamoja.