Kabla hujamuuliza mgonjwa kuhusu roboti

Vijana wengi wanaojiunga na kazi hii ya kuzungumza na wagonjwa na watumishi kuhusu roboti za huduma huja na dodoso limeshachapwa. Naomba siku za mwanzo ulifungie begini. Kaa koridoni tangu wauguzi wa usiku wanapokabidhi zamu hadi muda wa jioni wa kuona wagonjwa, na uandike jambo moja tu: nani anabeba nini, na anakipeleka wapi.

Ukiacha mashine za upasuaji, roboti nyingi zilizoingia hospitalini ni za kubeba. HelpMate, iliyotoka kwenye kampuni ya Mmarekani Joseph Engelberger, ilianza kufanya kazi katika hospitali ya Danbury, Connecticut, mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye ikaja TUG ya kampuni ya Aethon, inayovuta mikokoteni ya dawa, shuka na vyakula, kisha Moxi ya Diligent Robotics, inayochukua vifaa na sampuli. Kazi yao haijabadilika sana: toa kitu hapa, peleka pale. Kwa hiyo unapomuuliza mtu anaionaje roboti, yeye anajiuliza kitu kingine kabisa: yule anayebeba sasa hivi atakwenda wapi? Kama hujui ni nani anayebeba, hutaelewa jibu utakalopewa.

Na kwa Dar es Salaam, mara nyingi anayebeba hayumo kwenye orodha ya mishahara. Ni ndugu wa mgonjwa.

Mfuate kwa macho dada mmoja aliyekuja kumuuguza mama yake. Asubuhi anakabidhiwa karatasi ya kipimo. Anashuka hadi dirisha la malipo, anapewa namba, analipia kwa simu, anapanda tena kuonyesha risiti. Anachukua kichupa cha sampuli, kimefungwa na plasta yenye jina, anakipeleka maabara huku amekishika kwa mikono miwili. Anaambiwa majibu saa nane. Anapita famasia, dawa moja haipo, anatoka nje kuisaka kwenye maduka ya dawa ng'ambo ya barabara. Akirudi, mlinzi wa getini anamwambia muda wa kuona wagonjwa umeisha. Anainua ule mfuko wa dawa, mlinzi anautazama, anampisha.

Huo mfuko ndio kibali chake cha kuingia. Niliwahi kumuuliza mama mmoja wa aina hii kama angefurahi mashine ikimpunguzia mizunguko hiyo. Miguu ilikuwa imemvimba, nikadhani angeruka kwa furaha. Akaniuliza, "Ikishapeleka yenyewe, mwanangu, mimi nitaingia kumuona mgonjwa wangu kwa sababu gani?" Dodoso nililokuwa nalo lisingeweza kulinasa jibu lile, kwa kuwa liligawa watu katika makundi mawili, wagonjwa na watumishi. Ndugu hawakuwemo. Tafadhali, kwenye utafiti wako ndugu wawe kundi la tatu, na liwe kundi kubwa.

Sasa watumishi. Kuna utafiti wa Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi, uliotoka mwaka 2008, ambao kila anayeanza anapaswa kuusoma kabla ya mwingine wowote. Walichunguza roboti ya kubeba vitu katika hospitali moja ya Marekani. Roboti ni ile ile, hospitali ile ile, lakini katika wodi ya mama waliojifungua watumishi waliizoea na wakaiingiza katika utaratibu wao, ilhali kwenye wodi nyingine za wagonjwa watu waliona inawakatisha kazi na kuwazibia njia. Kilichotofautisha ni mpangilio wa kazi, msongamano wa korido, na kama mtu ana nafasi ya kukatishwa au hana. Basi usije ukaniandikia "wauguzi wanaikubali roboti." Niandikie wodi gani, zamu ipi, saa ngapi.

Wala usihamishe majibu ya kule uyalete huku. Wodi yao ya wazazi ilikuwa na utulivu. Nenda kwenye wodi za wazazi za hospitali zetu za rufaa za mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, uone kasi ya kazi. Wodi iliyoikaribisha roboti kule inaweza kuwa ya kwanza kuikataa hapa, na watakuwa na haki.

Wahudumu wa wodi wanataka subira ya pekee. Wao ndio wanaosukuma machela, wanaopeleka shuka na kuzungusha chakula, kwa hiyo mashine inagusa riziki yao moja kwa moja. Mbele ya matroni watakuambia ni jambo zuri, ni maendeleo. Waulize wakiwa peke yao, wakati wa chai, na usiwaahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Huna mamlaka hayo.

Kuna swali utalisikia sana kutoka kwao na kutoka kwa mafundi wa vifaa tiba: ikiharibika, nani ataitengeneza? Nimeona vijana wakiliweka swali hili kwenye safu ya "wanaopinga teknolojia." Linaniuma kila ninapoliona pale. Anayeuliza hivyo amefanya kazi miaka mingi pembeni ya mashine iliyoletwa kama msaada, sasa imefunikwa shuka kwa kukosa kipuri. Amepanda ngazi na mgonjwa kwenye machela siku lifti imegoma. Huyo haogopi roboti, anaikagua. Andika alichosema kama kilivyo, kisha uliza zaidi: kipuri gani, umeme wa wapi, lifti ipi.

Ndiyo maana siwi mwepesi kutumia vipimo vilivyotungwa kwingine. NARS, kipimo cha mtazamo hasi kuhusu roboti kilichotungwa Japani na Tatsuya Nomura na wenzake, kina kauli 14, na baadhi zinahusu roboti kuwa na hisia. Ni kazi nzuri kwa shughuli yake. Lakini wodini kwetu nimeona wasiwasi wa watu ukielekea kwenye gharama, ajira, na nani atabaki na mgonjwa usiku.

Mfano wa Rwanda nao utaletewa. Mei 2020 Kigali ilipokea roboti tano kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya wagonjwa wa UVIKO-19, zipime joto na kufuatilia hali zao ili muuguzi asiingie mara nyingi kwa mgonjwa. Pale kutokuingia kulikuwa kinga. Kwenye wodi ya kawaida mgonjwa anahesabu mara ngapi sista amepita kitandani kwake, na kila mara moja inampa moyo. Usichanganye hali hizi mbili.

Kuhusu wagonjwa wenyewe: watakujibu kwa adabu. Mzee aliyelazwa ukimwamkia shikamoo na kumuonyesha video, atasema "nzuri sana mwanangu," kwa sababu umemheshimu, na kwa sababu anafikiri umetumwa na hospitali. Vua koti jeupe. Usiulize muuguzi akiwa amesimama hapo. Ikiwezekana, zungumza naye tena akisharuhusiwa, akiwa kwake. Na uliza mambo yake, kwa mfano usiku akitaka maji anamwita nani, na huyo akichelewa inakuwaje. Ukimpata hapo, roboti atakuja kuizungumzia mwenyewe.

Video za korido za Japani ziache. Chukua picha moja ya roboti, simama na watu wa wodi koridoni kwao, uwaulize ingepita wapi. Watakuonyesha benchi la ndugu, machela zilizopangwa ukutani, ile sehemu ya sakafu iliyoinuka.

Wengine watauliza kama inawapiga picha. Roboti nyingi za aina hii huongozwa na kamera pamoja na vihisi vingine, kwa hiyo jua kabla hujaingia wodini picha zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu mgonjwa huyo akiwa kitandani. Kibali cha utafiti wa afya cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na barua ya hospitali viwe mkononi mapema, maana huchukua muda.

Ukimaliza, rudisha majibu wodini kabla ya kuyapeleka kwa aliyekulipa. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, isomwe asubuhi zamu zinapokabidhiana, na wahudumu waitwe nao wasikie. Watakurekebisha palepale, na ripoti uiandike baada ya hapo.