Bibi wa miaka 86 na dawa za presha

Dada, umeuliza kama bibi aache dawa za presha kwa kuwa umri umekwenda. Asiache! Utafiti wa HYVET wa 2008 uliwachukua wazee wa miaka 80 na kuendelea: dawa, kwa lengo la 150 kwa 80, zilipunguza vifo vya kiharusi kwa asilimia 39. Ila apimwe na akiwa amesimama; presha ikishuka ghafla ataanguka, na nyonga ikivunjika ni balaa jingine.

Siku mdomo ukipinda au mkono ukilegea (dalili za kiharusi), msimpe uji (atapaliwa) wala aspirini, maana huenda damu inavuja ubongoni, na hilo huonekana kwa picha ya ubongo tu, kama CT. Kwa kuwa mko Ntinda, mkimbizeni hospitali ya Mulago, hapo Kampala. Kwa gari, si boda.