Kabla hujampandisha binti kwa baba yake

Juzi msomaji ameniandikia: ana dume la mbwa wa German Shepherd lenye kichwa cha kupendeza, na binti wa dume hilo anakaribia joto, je, awapandishe ili ile sura isipotee? Najua wengi wenu mnataka banda lenu liwe na jina, kwa hiyo jibu nalileta huku.

Njia hiyo si ngeni. Max von Stephanitz, Mjerumani aliyeanzisha aina hii, alianza na dume aitwaye Horand mwaka 1899. Hektor, mwana wa Horand, akapewa jike aliyekuwa binti wa Horand vilevile, wakazaliwa Beowulf na Pilot. Lakini mzee yule alikuwa na mbwa wa Ujerumani nzima wa kuchagua na kutupa. Wewe una majike mawili nyuma ya nyumba.

Ukimpandisha binti kwa baba, robo ya jeni za watoto, yaani asilimia 25, inatarajiwa kuwa nakala ileile kutoka pande zote mbili. Sura itashika kweli, na ugonjwa uliojificha unaweza kushika nayo. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachoandikisha mbwa huko, iliacha kuwaandikisha watoto wa namna hiyo mwaka 2009.

Mimi jike wangu wa kwanza niliuziwa kwa maneno hayohayo, "damu safi". Alipoanza kuchechemea nikampeleka eksirei: kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekaa nje ya kikombe cha nyonga, bapa kama uyoga uliokanyagwa. Aliyeniuzia hakupokea simu tena. Nikifungua cheti cha ukoo, jina la dume mmoja liko kwa baba, liko tena kwa mama.

Sikumzalisha. Nikatafuta jike mwingine, nikampandisha kwa dume wa ukoo wa mbali kabisa. Watoto walitoka kila mmoja na sura yake, mmoja masikio yalichelewa kusimama, na wenzangu wa maonyesho wakaniita fundi wa chotara. Chotara wapi, wote ni German Shepherd! Ila nyonga zilikuwa safi. Nikabakiza jike mmoja, nikampatia dume ambaye wanachangia naye babu mmoja tu; kwa watoto huyo ni wa kizazi cha tatu upande wa baba na wa mama, kwenye cheti huandikwa 3-3, kama asilimia 3 hivi badala ya 25. Sura ikarudi bila vilema. Walionicheka sasa wanaagiza watoto kabla hawajazaliwa, na ninawapangia foleni kama wengine.

Kwa hiyo soma cheti, ndugu yangu. Soma vizazi vinne, si picha ya baba. Dai eksirei za nyonga. Pima jeni ya ugonjwa wa kupooza miguu ya nyuma (degenerative myelopathy). Mwenye nakala moja ya jeni hiyo mbovu usimtupe, akipandishwa kwa asiye nayo watoto hawaugui, mradi nao uwapime kabla ya kuwazalisha. Halafu soma cheti tena.

Na wewe uliyeniandikia: joto hili lipite. Tafuta dume ambaye ndugu zake wa tumbo moja umewaona wakitembea, na mwenye dume akikataa kukuonyesha eksirei, muage kwaheri hapohapo getini.