Jibu: Kikomo cha riba cha 14%, unalipwa kiasi gani?

Ndugu, umeuliza kikomo cha riba cha 14%, yaani kinga unayonunua dhidi ya kupanda kwa riba, kitakulipa kiasi gani kwa mkopo wako wa shilingi bilioni 2. Riba rejea (riba ya soko ambayo mkopo wako unaifuata) ikipanda hadi 16%, unalipwa ile tofauti tu, kwa robo mwaka ya siku 91: 2,000,000,000 × 2% × 91 ÷ 365 = shilingi 9,972,603. Riba husomwa mwanzoni mwa kipindi, pesa huingia mwishoni. Ikibaki 14% au chini, hupati kitu. Ada ya kinga uliyotajiwa, 0.8% ya mkopo, ni milioni 16. Inalipwa mara moja na hairudi.

Wengi huumia hapa: deni linapungua kila robo mwaka, kumbe kinga imenunuliwa kwa bilioni 2 nzima hadi mwisho. Dai ratiba ya kinga ifuate ya marejesho, ada itashuka. Nyongeza ya benki juu ya riba rejea haikingwi. (Kwa mkopo wa dola, gawa siku kwa 360 badala ya 365.)