Bure yangu ilimfunga mdomo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, anayeanza biashara ndogo ya picha apige kazi za bure ili ajulikane? Jibu langu ni hapana, na naliandika usiku huu huu kwa sababu swali limenigusa panapouma. Wengi watamzungumzia mpiga picha, anapoteza nini na anapata nini. Mimi nataka kumzungumzia aliyepigwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kamera moja iliyokwisha kutumika, lenzi ya milimita 50 na flashi ya kuazima. Rafiki yangu akawa anaolewa. Nikamwambia asihangaike kutafuta mtu, nitapiga mimi, iwe zawadi. Nilikusudia hivyo kwa moyo wote. Lakini tazameni neno "bure" lilivyonifanya. Kamera yangu ilikuwa na nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha, hivyo hakuna nakala iliyojiandika pembeni. Kwenye kazi ya kulipwa nilikuwa nabeba kadi ndogo nne na kuzibadilisha kadiri shughuli inavyoendelea. Siku ile nilitia moja ya giga 64, nikaiacha humo mpaka usiku. Nikapiga JPEG, faili nyepesi ambayo kamera yenyewe huitayarisha, maana RAW, yaani faili ghafi, ingenidai siku tatu za kuhariri. Mwenzangu mwenye kamera ya akiba sikumwita. Ningemlipa nini?

Kabla bibi harusi hajatoka, mama yake alikuwa akimfunga vifungo vya mgongoni. Vilikuwa vidogo mno, vimevikwa kitambaa, na vidole vya mama vilikuwa vikitetemeka. Anafunga kimoja, kinamponyoka, anaanza upya. Bibi harusi amegeuza shingo kidogo, anamtazama. Nilisogea upande wa dirisha, nikafungua tundu la lenzi hadi f/2 ili mwanga mwingi uingie, nikabonyeza mara sita au saba. Palepale nilijua hiyo ndiyo picha ya siku.

Usiku kompyuta ikaniambia kadi haisomeki, ikaniuliza kama niifomati, yaani niisafishe ianze upya. Nashukuru nilikataa, kwani mara nyingi picha bado zimo, mradi hujaandika kitu kingine juu yake. Programu ya kuokoa faili ilifanya kazi hadi alfajiri. Katika picha zaidi ya 900, zilizorudi nzima ni 212. Ya vifungo ilirudi moja, tena nusu: nyuso mbili juu, safi kabisa, na kuanzia mabegani kwenda chini kijivu kitupu. Mikono ya mama haimo.

Nilipompelekea rafiki yangu nilijiandaa kufokewa. Aliitazama ile nusu kwa muda mrefu, akasema, "Haina neno, ndugu yangu. Si ulinisaidia tu?"

Ningepona haraka zaidi kama angenitukana. Angekuwa ametoa hata arbuni kidogo, angekuwa na mdomo wa kunidai. Kwa kuwa hakutoa kitu, alijiona hana haki hata ya kukasirika, na mimi ndiye niliyemweka hapo.

Nilitaka kufunga barua hapa. Lakini nikisema kweli, mwanga wa dirishani nilijifunza kwa kupiga watoto wa majirani bila malipo, na wateja wangu watatu wa kwanza walinifuata kwa sababu ya picha hizo. Siwezi kumfungia mwingine mlango nilioingilia mwenyewe. Basi ile hapana yangu naiondoa. Piga bure, ila kile kinachoweza kurudiwa: mtu aliyeketi, bidhaa ya fundi mezani, familia uani. Ikiharibika unaomba radhi, mnarudia kesho. Harusi, mazishi na mahafali hayarudiwi. Hayo toza hata kama ni kidogo, na muandikiane: picha ngapi, zitakabidhiwa lini, na zikipotea itakuwaje. Ukiwa na hamu ya harusi na hakuna anayekuamini bado, nenda ukiwa msaidizi nyuma ya aliyelipwa.

Ndugu wa damu ni jambo jingine, na hapo nakiri msimamo wangu unalegea. Mdogo wangu alipooa sikumtoza. Nilikwenda na kamera mbili, kadi sita, na karatasi tuliyokuwa tumeitia saini sote wawili.